Mguu Mmoja, Wilaya Mbili

Kwa Mkuu wa Idara ya Madai,
Kampuni ya Bima (jina nimelihifadhi, nawe hifadhi langu),
Ghorofa ya Tatu, Mjini.

YAH: MAJIBU YA BARUA YENU KUHUSU MGUU WANGU WA KULIA

Ndugu Mkuu,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Saita! Ndivyo tunavyosalimiana sisi Wairaqw huku Mbulu, hata na mtu tunayemdai.

Kwanza pokea shukrani. Kabla sijaifahamu idara yako nilikuwa mkulima wa vitunguu saumu, mtu wa jembe na gunia. Leo hii majirani wananiita Wakili. Naijua tofauti ya ramani ya ajali na ripoti ya ukaguzi wa gari, najua ni duka gani la Katesh linatoa kopi zinazosomeka, na najua mhuri wa wino uliochakaa unaweza kumrudisha mtu nyumbani kilomita nyingi kuliko mvua ya masika. Elimu hii sikuilipia ada. Niliilipia nauli tu.

Kwa kuwa barua yenu inasema "mazingira ya ajali hayajaeleweka", nayaeleza upya, kwa mara ya sita.

Ilikuwa Aprili 2024, miezi minne baada ya lile tope la Mlima Hanang kushukia Katesh. Nilitoka mnadani jioni, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani upande wa Haydom. Hatukuwa mshikaki. Tulikuwa wawili, dereva na mimi, pamoja na majogoo wawili niliowanunua, wamefungwa miguu na kulazwa kati yetu. Kama sheria inawahesabu majogoo kuwa abiria, hapo nakiri kosa. Tulipoipita Basotu giza lilikuwa limeshaingia. Mbele ikatokea taa moja. Dereva wangu akasema, "Mwenzetu huyo," akimaanisha pikipiki, akaipisha nafasi ya kuitosha pikipiki. Kumbe lilikuwa lori la ng'ombe lenye chongo. Taa iliyokuwa inawaka ni ile ya kushoto, ya ukingoni. Ya kulia, ya upande wetu, ilikufa siku nyingi, na nyuma ya hilo giza ndiko lilikokuwa bodi.

Ng'ombe wote walifika salama. Jogoo mmoja alipona.

Sasa Ndugu Mkuu, nakiri kwamba nilikosea kuchagua mahali pa kuvunjikia. Mtu mwenye busara huvunjika mguu karibu na ofisi zote. Mimi nilivunjikia Hanang, nikatibiwa Mbulu, mwenye lori anaishi Babati, na ninyi mko mbali zaidi, juu ya ngazi. Hospitali ya Haydom, ile ambayo Wanorwei waliianzisha mwaka 1955, haikuniuliza wilaya. Walinipokea usiku nikiwa natoka damu, wakaanza kazi. Lakini karatasi haziugui, haziwezi kupokelewa usiku. PF3 inatoka polisi wa Hanang, daktari wa kuijaza yuko Mbulu, ikishajazwa inarudi Hanang, halafu ramani ya ajali, halafu mkaguzi wa magari, halafu nakala ya hukumu ya kesi ya trafiki. Na kila karatasi inadai karatasi nyingine kama mahari.

Kwenda huko kote nilikwenda na nini? Na bodaboda. Nilifuatilia ajali ya bodaboda kwa bodaboda, magongo nimeyalaza mapajani kama mtu anayekwenda kuwinda. Safari ya tatu, dereva aligeuka akaniuliza kama niliumia mpirani.

Kesi ya trafiki ilikwisha haraka. Dereva wa lori alikiri kosa, akatozwa faini, akalipa, akaenda zake. Faini ni ya Serikali. Mguu ni wangu. Sikatai Serikali kupata chochote, huenda na yenyewe ilishtuka. Ila baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba hakimu, akishamtia mtu hatiani, sheria inamruhusu kuamuru huyo mtu amlipe fidia aliyeumia, papo hapo, katika kesi ileile. Siku hiyo hakuna aliyemwomba. Mwenye kuomba nilikuwa wodini, mguu umening'inizwa kwa kamba na uzito, naangalia dari.

Dereva wangu wa bodaboda hakusubiri sheria. Ana miaka 22, pikipiki haikuwa yake, alikuwa nayo kwa mkataba: kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri, na mkataba ukiisha chombo kinakuwa chake. Ilikuwa imebaki miezi mitatu. Pikipiki iligeuka chuma chakavu, mkono wake ukaingia kwenye hogo, lakini hesabu haikuvunjika hata kidole. Tajiri aliendelea kuidai. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi upo na unalipa, ila unalipa walioajiriwa, na kijana huyu, tunavyoambiwa kwenye hotuba zote, si mwajiriwa, ni mjasiriamali. Mjasiriamali akaitwa kwa mtendaji wa kijiji, akawekewa mezani shilingi laki mbili na nusu za mwenye lori, akaweka dole gumba. Karatasi inasema wamesuluhishana na hatadai tena chochote, popote, milele. Niliisoma. Ndiyo karatasi pekee katika mkasa huu mzima iliyokamilika kwa siku moja.

Kwangu alikuja mwingine. Kishoka mmoja, shati limenyooshwa, alinifikia wodini siku ya nne akiwa na machungwa na fomu. Ndugu zangu wa damu walikuwa bado hawajafika. Alijua jina langu, alijua namba ya lori, alijua hata mfupa uliovunjika. Alitaka asilimia 40 na sahihi yangu chini ya ukurasa ambao juu haukuwa na maandishi. Shemeji yangu alimsindikiza hadi getini kwa heshima zote, akabaki na machungwa. Huwa najiuliza, Ndugu Mkuu: taarifa zangu zilizochukua miezi kufika mezani kwako zilimfikiaje yule kwa siku nne? Mwajirini. Atawasaidia sana.

Aliyenifungua macho ni msaidizi wa kisheria wa kata yetu, mama ambaye asubuhi anafundisha chekechea na mchana anakaa kwenye benchi nje ya ofisi ya kata na kaunta buku lake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua watu wa namna yake. Haitambui kwamba wanahitaji meza. Mama huyo hakunitoza hata shilingi. Alinisomea taratibu, kama anavyowasomea watoto, mambo matatu ambayo barua zenu zote hazikuyagusa. Kwamba kudai fidia ya kuumizwa kuna ukomo wa miaka mitatu. Kwamba Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, ambayo mizizi yake ni ya enzi za mkoloni, inamlazimisha mwenye gari kukata bima kwa ajili ya watu wa nje kama mimi, si kwa ajili ya kumridhisha trafiki. Na kwamba nikishampata mwenye lori kwa hukumu, nanyi mkawa mmepewa taarifa ya kesi kwa wakati, ninyi ndio mtakaolipa, hata kama mna ugomvi wenu na yeye. "Wakigombana, wagombane," akasema, akafunga buku. "Wewe hukusaini mkataba wao, umesaini plasta."

Yeye lakini hawezi kusimama mahakamani kwa niaba yangu, hiyo ni kazi ya wakili, na mawakili nao wamependa lami. Najua ipo Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa mwaka 2023, na wenye kesi za mirathi na mipaka ya mashamba nimewasikia wakishukuru. Mimi naendelea na mama wa benchi, maana yeye haondoki na mahema.

Nije sasa kwenye barua yenu. Imeandikwa kwa Kiingereza. Tangu 2021 sheria ya nchi hii inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili, nikadhani mahakama ikishuka ngazi hata bima itashuka. Nikaipeleka kwa mwalimu wa sekondari. Juu kabisa kuna maneno mawili yamepigiwa mstari, ambayo mwalimu alinifasiria hivi: haya tunayosema tusije tukashikwa nayo. Nikamwambia aendelee, nimeshaelewa nusu.

Mnauliza, kwanza, kama nilikuwa nimevaa kofia ngumu. Kofia ilikuwepo moja, ameivaa dereva. Hilo ni kosa na sitalitetea. Lakini kichwa changu ni kizima, ndiyo maana kinaandika. Kilichovunjika ni mguu, na nathibitisha mbele ya Mungu kwamba mguu haukuwa na kofia.

Pili, mnasema dereva wa lori alikuwa na leseni isiyo ya daraja la lori, hivyo ninyi hamuhusiki. Hapo rejeeni maneno ya mama wa benchi.

Tatu, mnapinga asilimia. Daktari aliandika ulemavu wa kudumu wa asilimia 15. Daktari wenu, ambaye hajaniona, anaona ni 5. Nimejaribu kuishi kwa hesabu yenu. Asubuhi nikishika jembe nauambia mguu: leo wewe ni mzima kwa asilimia 95, twende. Unakwenda mpaka tuta la pili. Vitunguu saumu hulimwa mtu ameinama, na anayeinama hutegemea miguu miwili. Nimeajiri kijana wa kuinama kwa niaba yangu, naye hajawahi kuniomba ripoti.

Nne, na hili ndilo lililonifanya niweke kikombe chini, mnataka uthibitisho kwamba aliyeumia ndiye mimi.

Ndugu Mkuu, Hanang tunalijua swali hilo. Wanakijiji wa Mulbadaw walilishitaki shirika la umma la NAFCO kwa kuingia katika ardhi yao na mashamba ya ngano. Walishinda Mahakama Kuu. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaugeuza ushindi huo, na moja ya sababu ni kwamba hawakuthibitisha kuwa wao ni wenyeji kwa maana iliyoandikwa katika sheria ya ardhi ya wakati ule. Watu ambao makaburi ya babu zao yalikuwa yanapitiwa na trekta walikosa ushahidi wa uenyeji. Kwa hiyo sikushangaa sana kuulizwa kama mguu huu ni wangu. Nimeunganishwa na historia, na nimeunganishwa na chuma pia.

Ninachoshangaa ni simu. Trafiki akilisimamisha gari anaandika namba yake kwenye simu, na kabla dereva hajamaliza kushusha kioo jibu limeshatoka: bima ipo, inaisha tarehe fulani. Mtandao huo unafika hadi Basotu, nimeuona kwa macho yangu. Pesa ya kukata bima inapanda kwenu kwa sekunde. Ya kulipa ikitaka kushuka inakuta mtandao hakuna, mhasibu yuko likizo, faili liko kwa mwanasheria, mwanasheria yuko semina.

Barua yangu ya kwanza mliijibu baada ya miezi mitano. Ya pili, miezi mitano na siku tisa. Nimekaa na mama wa benchi tukahesabu kwenye kaunta buku: tukiendelea kuandikiana kwa upendo huu, barua chache tu zinatufikisha Aprili 2027, na hapo miaka mitatu itakuwa imekwisha bila ninyi kunikatalia hata siku moja. Nawapongeza. Sisi huku tukitaka kumdhulumu mtu inabidi tumdanganye. Ninyi mnamwomba avute subira.

Mmenipa pia ofa: shilingi laki nane, nisaini kwamba nimeridhika na sitawasumbua tena. Nimejumlisha nauli, kopi, mihuri, chai za watu waliokwenda kulitafuta faili na dawa ambazo dirisha la hospitali lilikuwa halina. Nimepata laki saba na arobaini na tano. Kwa hiyo mguu wenyewe, kwa bei yenu, ni elfu hamsini na tano, jogoo aliyekufa akiwemo. Sijasaini. Taarifa rasmi kwamba mwenye lori anashitakiwa, na kwamba nanyi mjiandae, itawafikia kivyake, imepigwa chapa na ina mhuri uliokolea. Na nimeelezwa kwamba Sheria ya Bima ya mwaka 2009 iliunda ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Nako nitabisha hodi. Nimeshazoea ngazi.

Nakutakia kazi njema.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mkulima, Mbulu (na kwa sehemu, Hanang)

Tanbihi: Mmeandika kuwa nakala ya eksirei haikubaliki, mnataka kielelezo halisi. Bamba la chuma na skrubu sita zilizotolewa mguuni mwangu ninazo, nimezihifadhi kwenye kopo la Blue Band. Nitazileta Jumanne kwa basi la alfajiri. Pale mlangoni kwenu kuna ile mashine ya kukagua vyuma, basi naomba mlinzi aarifiwe mapema kwamba italia mara mbili: mara ya kwanza kwa kopo, na nikishaliweka kopo chini, mara ya pili kwa skrubu mbili ambazo daktari aliona ni heri zibaki.