Mwongozo wa Kuokoa Ndege Ambayo Hakuna Aliyekuomba Uiokoe

Umeamua kutafuta ndege ya zamani ya mafunzo ya kijeshi na kuihifadhi. Hongera. Fuata hatua hizi kwa utaratibu, na usizisome kwa sauti mbele ya mwenza wako.

Kwanza, chagua ndege ya kukutesa ipasavyo. Achana na Tiger Moth. Zilitengenezwa zaidi ya 8,000, na wenye nazo hufika mahali wakaruka. Chukua Percival Prentice ya Uingereza, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1946. Mwalimu na mwanafunzi hukaa mbele bega kwa bega. Mwanafunzi wa pili hukaa nyuma, ajifunze kwa kutazama makosa ya mwenzake. Ncha za mabawa zimepinda kwenda juu, kwa kuwa kwenye majaribio ndege iligoma kutoka kwenye mzunguko wa kuanguka. Ukiambiwa ni urembo, itikia. Onyo: mwenye kuuza huwa hataji mizunguko.

Pili, ifuatilie. Mwaka 1956 Aviation Traders, kampuni ya mfanyabiashara Freddie Laker, ilinunua zaidi ya Prentice 250 ili izigeuze ziwe za kiraia. Zilizogeuzwa hazikufika 30. Nyingi ya zilizobaki ziliishia kwenye chuma chakavu. Kwa hiyo zunguka mashambani, chungulia mabanda. Ukiona mkia chini ya turubai, usiushangilie. Ongelea mvua. Kunywa chai. Mwenye banda atasema haiuzwi. Hapo ndipo bei inapoanzia. Onyo: kila kikombe cha chai kinaipandisha.

Tatu, tafuta kibati chenye namba ya ndege, kisha madaftari ya kumbukumbu. Sheria isiyoandikwa ni hii: kibati na madaftari ndiyo ndege, mengine yote ni spea. Bawa likitoka ndege nyingine, mkia ukitoka ya tatu, hakuna atakayekuuliza. Kibati kikipotea, una aluminiamu nyingi tu. Onyo: usikisugue kwa msasa ili king'ae.

Nne, fungua paneli ukague kutu. Kutu ya aluminiamu hujificha kwenye maungio, hutoa unga mweupe, na huanza na palipopakwa rangi mpya. Kwenye dashibodi kaa macho: vyombo vingi vya enzi hizo vilipakwa radiamu ili visomeke gizani. Mng'ao umekwisha, mionzi ingalipo. Usivifungue, usivikwangue, waite wataalamu. Onyo: chombo kizuri kuliko vyote ndicho utakachotaka kukiweka sebuleni.

Tano, injini. Gipsy Queen ya Prentice ina silinda sita zilizoelekezwa chini, na ikisimama muda mrefu oili huteremkia humo. Zima swichi za magneto, kisha zungusha pangaboi taratibu kwa mkono. Likigoma, usilitie nguvu; toa plagi, oili imwagike. Weka karai chini, siku zote. Mgeni akisema injini inavuja, mwonee huruma: wenyeji huingiwa na hofu siku karai likikutwa kavu. Onyo: viatu vyako vizuri umeshaviaga.

Sita, rangi. Mwili wa fedha, mikanda ya njano. Pima, changanya, paka, subiri. Atatokea mzee mwenye kofia, ataizunguka ndege mara moja, atasema njano hiyo siyo. Mshukuru. Onyo: wa pili atasema ilikuwa sahihi kabla hujairekebisha.

Mwisho, ukiulizwa itaruka lini, jibu “mwakani”. Usitaje mwezi. Wenzako wote husema mwakani, na ni utovu wa adabu kuwakumbusha walisema hivyo mwaka jana. Wakati huohuo andika wosia, maana ndege hii itakuzika. Onyo: usimwachie mtoto unayempenda. Mwachie ndugu mliyegombania naye shamba.