Pishi Kumi za Mama

Mama alikuwa na funguo tatu pindoni mwa kanga yake: wa kabati la vyombo, wa sanduku la nguo na wa stoo. Ule wa kabati na ule wa sanduku tulizipata siku ile ile tuliyomzika. Wa stoo haukuonekana, na hakuna aliyeutafuta kwa dhati mpaka asubuhi ya arobaini yake. Wakati huo masufuria makubwa yote yalikuwa ndani, watu walitarajiwa baada ya sala ya adhuhuri, na mpishi aliyekwisha kupokea malipo ya awali alikuwa amezima simu.

Nyumba yetu iko Ngamiani, Tanga, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba. Stoo iko uani, ina mlango wa mninga, na Mama aliitia kufuli tangu miaka ya foleni. Waliokuwapo wanaikumbuka: baada ya vita vya Kagera, sukari, mafuta na sabuni vikawa vya kugawiwa, balozi wa nyumba kumi na orodha yake mkononi. Mama aliukata mche wa sabuni kwa uzi, vipande sawasawa, akaandika kila kipande kilichotoka na aliyekichukua. Kwa kuandika huko, mshahara wake na wa Baba, walimu wote wawili, uliwalisha watu kumi na mmoja, shangazi na watoto wa marehemu mjomba wakiwamo. Hatukulala na njaa.

Basi Kaka akasema kufuli livunjwe. Dada akakataa katakata: kufuli la Mama halivunjwi siku ya dua yake. Walibishana mbele ya mbuzi wawili waliokwisha kuchunwa, huku mawingu ya masika yakijikusanya upande wa bahari. Mwishowe akaitwa mjukuu mwembamba kuliko wote, akapenyezwa kwenye kidirisha cha juu. Tukasikia kishindo, kisha kimya, kisha sauti yake: "Humu kuna vitabu tupu!"

Masufuria hayapiti kidirishani. Akapewa bisibisi, akafungua bawaba moja moja kwa ndani, na sisi nje tukimwelekeza kwa kelele. Kufuli likabaki limefungwa kama lilivyoachwa, mlango ukafunguka upande wa pili. Dada akaridhika.

Mtoto alisema kweli. Nyuma ya masufuria kulikuwa na rafu nzima ya madaftari, vitabu vya kisomo na kile kijitabu cha Mtu ni Afya. Mama alianza kufundisha mwaka 1968. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, Mama alikuwa na mtoto mgongoni na mwingine tumboni, akachukua darasa la ngumbaru jioni, kwenye taa ya karabai. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: vikundi vikikusanyika kusikiliza redio, kisha watu wakienda kuchimba vyoo na kuchemsha maji, nchi nzima, watu wapatao milioni mbili. Kikundi cha Mama kilikaa hapa hapa uani. Choo cha kwanza alimchimbisha Baba, ili asije akamwambia jirani jambo lisilofanyika kwake. Na mwaka 1977, elimu ya msingi ilipokuwa ya kila mtoto, alifundisha mkondo wa asubuhi na wa mchana katika chumba kimoja. Baadaye akawa mwalimu mkuu.

Haya ndiyo yaliyosemwa kwenye mazishi yake, na yalistahili kusemwa. Lakini hakuna aliyeitaja stoo. Mimi siwezi kuzitenga kazi zile mbili. Mwandiko uliojaza rejista ya wanakisomo ndio uliojaza daftari la sabuni, na mwanamke aliyewafundisha wenzake kuandika majina yao alijua kwamba jambo lisiloandikwa hupotea, liwe jina au kipande cha sabuni.

Pilau nalo aliliandika. Kaka akalipata daftari na kulifungua penye kichwa cha habari "Watu mia mbili": mchele pishi kumi, vitunguu, thomu, tangawizi, bizari nyembamba, mdalasini, karafuu, iliki, pilipili manga, na chini yake, "kila pishi, supu vibaba sita." Kaka ni mhasibu. Uzito wa pishi aliutafuta kwenye simu, akaupata. Kibaba akakiona kidogo mno cha kutafuta, akachukua kikombe cha chai.

Vitunguu vilikaangwa vizuri, naapa. Harufu ilifika barabara ya pili. Lakini supu ilipotiwa, Dada akachungulia akasema haitoshi, mchele umeinywa yote hata haujafumba macho. Kaka akamwonyesha daftari: mkono wa Mama huo, unabishana naye? Dada akanyamaza. Mvua nayo ikashuka. Turubai likajaa maji katikati, mwanamume mmoja akalisukuma kwa mti wa ufagio ili lijimwage, likajimwaga juu ya jiko la pili. Jiko la kwanza kuni zilikuwa kavu na moto mkali, na moshi uliotoka humo haukuwa tena wa pilau.

Wakati huo ndipo walipoingia bibi watatu wenye mabuibui yaliyolowa, wanakisomo wa Mama waliosalia. Mmoja alisogea kwenye sufuria, akanusa, akasema, "Lete hilo daftari, mwanangu."

Kaka akampa kwa mikono miwili. Katika rejista ya kwanza ya Mama, mbele ya jina la bibi huyu pana alama ya dole gumba. Katika ya mwisho pana sahihi. Aliweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti, neno kwa neno, mpaka penye vibaba sita. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu, na shahada zetu, aliyelifanya: akafunua ukurasa. "Kibaba ni lile kopo la bati lililo juu ya mlango," akasoma. "Pishi moja ni vibaba vinne. Kikombe kisitumike."

Kopo lilikuwa juu ya mlango.

Kuanzia hapo uani palikuwa na amri moja. Kuni ziondolewe zote. Wali wa juu uchotwe kwenye masinia bila kugusa wa chini. Supu iliyobaki ichemke, ipimwe kwa kopo, inyunyizwe kidogo kidogo. Magunia yaloweshwe yafunikwe, makaa yatiwe juu ya mifuniko, na asifunue mtu. Wanaume walikwisha kuketi barazani wakisoma juzuu. Wakaombwa waongeze Yasini, na sheikh, ambaye Mama alimfundisha darasa la tatu, akaongeza bila kuuliza sababu.

Watu walikula saa tisa badala ya saa saba. Masinia ya mwanzo yalikuwa na moshi kidogo, ya mwisho yalikuwa ya Mama kabisa, na waliopewa ya mwanzo waliomba kuonja ya mwisho. Ukoko ulikuwa mnene kama mkate, wajukuu wakaumaliza.

Kaka hakurudi Dodoma Jumatatu kama alivyopanga. Alikwenda kwa bibi yule na kopo mkononi, akaomba afundishwe. Walianza na kibaba kimoja cha mchele. Cha kwanza kiliungua vitunguu, cha pili kilizidi karafuu. Cha tatu Dada alikula sahani mbili, akauliza kama kimebaki.