Mnyaa wa Rangi ya Waridi

Huku Sikuda, mashariki mwa Uganda, ambako mnyaa hupandwa kuwa ua wa nyumba, na ambako utomvu wake mweupe, ukimwingia mtu machoni, waweza kumpofusha kwa siku kadhaa, wamezuka mafundi wa picha ambao, wakiisha kutandika shuka nyeupe nyuma ya tawi moja na kuzidisha nuru hata kivuli kikakimbia kama mdeni amwonaye mwia wake, hulipiga picha, wakaitia vichujio vya simu, ukatoka mmea laini, wa rangi ya waridi, usio na vumbi la njia ya Tororo wala shati lililoanikwa juu yake. Simkatazi mtu sanaa yake; hata wapiga picha wa zamani walipaka rangi kwa mkono mashavu ya maharusi, ila wale, angalau, walilipwa. Malipo ya hawa ni sifa za jamaa walioko Kampala na Nairobi, wanaouliza mmea huo adhimu wauzwa kwa bei gani, ilhali kwetu hukatwa kwa panga, kipande kikachomekwa ardhini, kikaota bure. Basi, enyi mafundi, tieni nuru mpendavyo. Lakini mkiisha kulikata tawi, tafadhalini, naweni mikono kabla ya kufikicha macho.