Rili ya Elfu Themanini

Shemeji yangu aliponunua rili ya Kijapani ya kuvulia samaki, alimwambia dada kwamba imemgharimu shilingi 80,000. Si uongo mtupu. Fedha hizo ndizo alizotanguliza dukani ili awekewe mzigo wake. Salio, milioni 2 na ushei, hakuulizwa, naye hakujitolea kulitaja. Sisi wanaume wa ukoo tulijua, tukanyamaza. Kila mmoja wetu ana kitu sebuleni kwake chenye bei mbili.

Kwa wasio na ugonjwa huu: rili ni ile mashine ndogo inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia, yenye mkono wa kuzungusha, na kazi yake ni kukunja mshipi. Ndiyo, kukunja mshipi. Mchoraji wa Kichina Ma Yuan alimchora mvuvi akiwa nayo mtumbwini mnamo mwaka 1195, na huo ni mmoja wa michoro ya kale zaidi ya chombo hicho. Kwa hiyo ni miaka zaidi ya 800 sasa wanaume wanatafuta maneno ya kuieleza bei yake nyumbani.

Dar es Salaam unaweza kupata rili kwa bei ya kilo chache za nyama. Unaweza pia kuagiza Stella ya Shimano, ile kubwa ya baharini, ambayo huzidi dola 1,000. Ongeza kidogo juu yake uchukue bodaboda mpya ikuletee hesabu kila jioni. Utasema bodaboda haivui samaki. Na rili nayo, ikiachwa peke yake, haivui. Nilichotaka kujua siku zote ni mahali zinapokaa fedha zote hizo ndani ya kitu kinachoenea kiganjani.

Yangu mimi ilikuwa ya upande wa nyama. Boksi lake lilijisifu kuwa na beringi 13, na ni kweli zilikuwemo, maana baada ya msimu mmoja wa chumvi nilizisikia zote. Hesabu ya beringi ni pambo la boksi. Beringi tano zilizozibwa vizuri chumvi isipenye zina maana kuliko hizo 13 zilizoachwa wazi, lakini tano hazipendezi kuandikwa kwa herufi za dhahabu. Siku ilipokufa nilikuwa nimesimama kwenye miamba ya Oysterbay. Samaki akavuta, na ule mkono wa rili, ambao umeumbwa usirudi nyuma, ukarudi nyuma mbio, ukinigonga vidole kila mzunguko. Samaki akaenda zake na nailoni yote. Waliokuwa ufukweni wakinywa madafu walinipa pole, lakini baada ya kucheka.

Fundi rili mtaani kwetu hatuna, nikaipeleka kwa fundi baiskeli. Akaifungua juu ya gunia, akapuliza kutu, akasema: "Hii friwili imekufa." Nikadhani ananitania. Kumbe ndivyo hasa. Ndani ya rili mna kitu kinachokubali kuzunguka upande mmoja na kukataa upande wa pili, ukoo mmoja na kile kinachokuwezesha kuteremka mlima miguu ikiwa imetulia kwenye pedali. Na Shimano yenyewe, ambayo shemeji hulitamka jina lake kwa unyenyekevu, ilianzishwa huko Sakai, Japani, mwaka 1921, ikianza na friwili za baiskeli. Kwenye uvuvi iliingia mwaka 1970. Fundi wangu alikuwa anaifahamu Shimano kabla sisi wavuvi wa mapumziko hatujazaliwa, na wala hakuwahi kuiona bahari kuwa sehemu ya habari zake.

Dada aliposikia msiba wangu alisema kwa moyo mweupe kabisa: "Si uchukue hii ya shemeji yako? Elfu themanini kitu gani, atanunua nyingine."

Shemeji alikuwa anakunywa chai. Kikombe kilisimama njiani. Akikataa ataonekana mchoyo mbele ya mkewe, tena kwa kaka mtu. Akieleza, anafungua kesi. "Achukue," alisema mwishowe, kwa sauti ambayo sikuijua, "ila tutakwenda wote. Na mtoto naye akaone bahari." Hilo la mtoto alilitia mwenyewe, hakulazimishwa na mtu.

Kaskazi lilikuwa limeanza kulegea. Tulitoka Kunduchi alfajiri kwa boti ya faiba, nahodha wetu mzee wa huko huko. Tukaipita Mbudya bila kutupa ndoana, maana kisiwa kile ni hifadhi ya bahari, tukashika njia ya kwenye kina kirefu. Rili ilikuwa imefungwa ndani ya kanga, na shemeji aliipakata kama mtoto ambaye hajatimiza arobaini. Aliponikabidhi, mikono yake ilichelewa kuachia. Baada ya hapo ikawa kila rasharasha ina tangazo lake: "Shemeji, maji! Iinue, maji hayo!" Tulikuwa baharini. Hapakuwa na kitu kingine.

Sasa niseme haki ya ile rili, maana sikwenda kuifitini. Alipokula nguru wa kwanza, mdogo tu, nilielewa milioni moja na nusu hivi zilikokwenda. Zimo kwenye breki. Samaki anapokurupuka, rili haitakiwi kumzuia, inatakiwa imwachie mshipi huku ikimchosha. Ya bei ya chini husita kwanza, halafu huachia ghafla, na mshipi hukatika kwenye huko kusita. Hii haikusita. Mshipi ulitoka kwa uzito uleule, mwanzo hadi mwisho, na nguru akachoka mwenyewe. Wanaojua huipima breki kwa mizani ya kuning'iniza kabla ya kuondoka: mshipi wa kilo 15 hufungiwa kilo 4 hadi 5, robo au theluthi ya nguvu yake, basi. Sasa breki inayosemwa kuwa kilo 4 na kweli ikawa kilo 4, na isibadilike hata ikipata moto, hicho ndicho kitu ambacho rili yangu ya beringi 13 haikuwahi kukitenda hata kwa bahati mbaya. Tena bodi yake ni ya chuma chepesi, haipindi ikivutwa. Za plastiki hupinda kidogo, meno ya ndani yakakosana, na ndipo unaposikia ule mlio wa kusaga karanga mbichi. Nilimwambia shemeji: "Hii ina thamani yake." Aliniangalia kwa shukrani. Kwa muda mfupi alisahau hata rasharasha.

Nahodha wetu alikuwa anavua upande wa pili wa boti. Mshipi wake ulizungushiwa kwenye chupa ya maji ya plastiki, na vidoleni alivaa vipande vya tyubu ya baiskeli ili usimkate. Hiyo ndiyo breki yake, na haina boksi. Hemingway, mtu wa fimbo na rili aliyekuja kuvua Malindi mwaka 1934, alipoandika riwaya yake ya mvuvi mzee, iliyotoka mwaka 1952, hakumpa mzee yule rili hata ya mkopo. Alimpa mshipi wa mkono. Nahodha hakuwahi kukisoma kitabu hicho, lakini alikuwa ameshatia ndani changu na tewa kadhaa wakati sisi bado tunakumbushana kuhusu maji.

Ndipo akala kolekole, na si wa kubembeleza. Fimbo ikainama mpaka majini. Nikazungusha mkono wa rili, ukazunguka vizuri, laini, wa Kijapani. Mshipi haukuja. Nikakaza breki, nikazungusha tena. Mkono unakwenda, mshipi umetulia, na kolekole anazidi kuteremka kwenye miamba yake. Shemeji akaruka kutoka alipokaa.

"Breki imekufa! Jamani, milioni mbili na laki sita zimekufa!"

Mtoto, aliyekuwa anacheza na chambo, akainua kichwa. "Baba, milioni mbili za nini?"

Hakuna aliyemjibu. Nahodha alisogea, akaushika ule mshipi kwa vidole vyake vya tyubu, akaanza kuvuta bila haraka, pima moja baada ya nyingine, akiachia kidogo kolekole anapokuwa mkali na kurudisha anapolegea. Alipomlaza ndani ya boti akapangusa mikono, akaitazama ile mashine kwa heshima zote. "Samahani, mwanangu," akamwambia shemeji, "hiki chombo kinakunja mshipi tu, au kina na kazi nyingine?"

Rili haikuwa na kosa. Kijana wa dukani alikuwa ameujaza mshipi wa kusuka moja kwa moja juu ya chuma kitupu. Mshipi wa namna hiyo ni mwembamba na una nguvu ajabu, lakini unateleza. Usipotanguliza mita chache za nailoni chini yake, au walau kipande cha plasta, ukivutwa sana huteleza wote kwa pamoja kwenye gurudumu lake, nawe unabaki kuzungusha hewa. Milioni 2.6 ziliangushwa na kitu ambacho duka la dawa wangekuuzia kwa shilingi mia chache.

Kuhusu nyumbani, mtoto aliingia akitangaza kolekole kwanza, na milioni mbili zikafuata kabla hajavua viatu. Dada hakugomba. Wiki iliyofuata pakaingia friza jipya, kubwa, la mlango wa juu. Shemeji akauliza bei yake. "Elfu themanini, baba watoto," dada akajibu, akaendelea kupanga barafu. Friza hilo sasa linauza barafu na samaki mtaa mzima, na ndilo pekee kati ya vifaa vyote vya uvuvi katika ukoo wetu lililowahi kurudisha fedha yake. Rili nayo imepata bahati, maana tangu dada ajue bei ya kweli, huiosha mwenyewe kila inaporudi baharini: hukaza breki kwanza maji yasiingie, huisuuza kwa maji baridi ya kopo, kamwe si ya mpira wenye nguvu, kwani huisukuma chumvi ndani, kisha huilegeza breki na kuianika kivulini. Bado inazunguka kama mpya. Zile za ghali za marafiki wa shemeji, zinazorudi na chumvi yake na kuwekwa kabatini zitazamwe, zimeanza kunena.

Basi kama unakwenda Fungu Kizimkazi kutafuta jodari, au unalipwa na watalii wanaotaka kupiga picha na sulisuli, nunua ya ghali. Huko breki inayosita itakupotezea samaki na jina. Sisi wengine, wa changu na tewa siku za mapumziko, tuchukue ya kati: bodi ya chuma, beringi chache zilizozibwa, na vipuri ambavyo fundi baiskeli anaweza kuvibuni. Kinachobaki kiende kwenye mshipi mzuri, ndoana kali na mafuta ya boti.

Na ninyi wenye maduka, tafadhali sana, wekeni nailoni chini kabla ya kujaza mshipi wa kusuka. Ni mita chache tu.