Mtuwekee Sikioni

Kuna watu wakipanda daladala wanaona tabu kumsalimia jirani, ila hawaoni tabu hata chembe kutusimulia abiria wote ugomvi wa ukoo wao.

Nawasema hawa wa laudispika. Simu haigusi sikio. Imeshikwa mbele ya mdomo kama andazi linalosubiri kung'atwa. Yeye anafoka, na wa upande wa pili naye anafoka.

Juzi nilikuwa natoka Gongo la Mboto kwenda Kariakoo, nimebanwa dirishani na mama mmoja mwenye mtandio wa kijani. Kabla hatujafika Ukonga tulishajua kwamba mdogo wake kala hela za kikoba. Tulipofika Banana tukatajiwa na kiasi: laki nne na nusu. Gari zima likaguna. Konda, ambaye chenji yangu ya mia nne alishaisahau kwa makusudi, sasa akasahau hata kuita vituo. Kijana aliyesimama mlangoni akashindwa kuvumilia: "Mama, huyo mpeleke kwa mjumbe!"

Mama akageuka kama kachomwa sindano? Hapana, akageuka taratibu kabisa. "We mtoto, nani kakuuliza? Una tabia mbaya, unasikiliza mambo ya watu!"

Nikaona niingilie kati kwa adabu zote nilizofundishwa. "Shikamoo mama. Naomba upunguze sauti kidogo." Marahaba sikuipata. Alinipandisha, akanishusha, kisha akamwambia mwenzake kwenye simu: "Hebu subiri, kuna mkaka hapa ana gubu." Na yule mwenzake, mtu ambaye hanijui wala simjui, akajibu tukamsikia wote: "Achana naye, atakuwa hajanywa chai."

Daladala likacheka. Konda ndiye aliyecheka kuliko wote, na mia nne yangu mfukoni.

Wa video za vichekesho sitawasema leo, wala yule anayetafuta mlio mpya wa simu saa kumi na mbili asubuhi, anajaribu mmoja baada ya mwingine. Hao wana siku yao.

Nyie wa laudispika nawaomba jambo moja tu: simu wekeni sikioni. Mkishindwa, basi msifanye kama yule mama aliyeshuka Tazara bila kutuambia kama hela za kikoba zimerudi.