Mavyaa na Panchi

Jumapili iliyopita, baada ya alasiri, mavyaa wangu alipiga magoti sebuleni mwangu Likoni, leso kaifunga kibwebwe, nyundo yangu mkononi, akapigilia misumari 11 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake nimeshika kikombe chake cha chai. Hakuna aliyeniambia nikishike. Nilikiona kiko karibu na nyundo nikakiokota, na tangu hapo hakuna aliyekumbuka kunipokea. Mke wangu alikuwa jikoni anacheka kicheko cha puani, kile cha mtu anayejifanya anapenga kamasi. Leso ya mavyaa ilikuwa na jina, kama leso zote, na lile jina nililisoma mara nne nikiwa pale. Sitaliandika hapa.

Kisa ni taili. Taili moja ya sentimita 40 kwa 40, rangi ya malai, penye kona ya mlango wa chumbani, ambayo hadi Alhamisi ilikuwa nzima.

Ukuta ndio ulioanza. Anayeishi ng'ambo hii anazijua kuta zetu: rangi inavimba kama maandazi, inapasuka, halafu unga mweupe unamwagika chini kila asubuhi. Ule unga ni chumvi. Nyumba imejengwa kwa maji ya kisima yenye chumvi, au mchanga haukuoshwa, au vyote viwili, na unyevu wa ardhini unaipandisha chumvi taratibu ndani ya jiwe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi. Ikifika karibu na uso wa ukuta, maji yanakauka, chumvi inabaki, inaganda kuwa chembe ngumu, na zile chembe zinaisukuma rangi kutoka ndani hadi ibanduke. Unaweza kupaka rangi kila mwezi. Chumvi haina haraka. Nilimwambia ajenti wa nyumba mwaka jana. Akaniangalia kwa huruma, akasema, "Hiyo ni Pwani, bwana."

Basi mavyaa alipotuma salamu kwamba Jumapili atakuja kututembelea kutoka Kisauni, niliamua kuificha Pwani nyuma ya ubao. Mafundi huuita skatingi: ubao mwembamba unaozunguka chini ya ukuta, kiganja kimoja kwenda juu. Nikanunua mbao, nikanunua misumari ya simenti ya inchi 2, nikaazima nyundo.

Sasa nieleze kitu ambacho nilikijua nikiwa nimekwisha kuchelewa. Msumari ukiwa umesimama, kupiga ni raha. Uso wa nyundo una upana wa sentimita mbili na nusu hivi, kichwa cha msumari hakifiki sentimita moja, lakini kwa kuwa kichwa kiko juu, peke yake hewani, nyundo haina kingine cha kugusa. Hatari iko kwenye mapigo mawili ya mwisho. Kichwa kikikaribia ubao, ule upana uliobaki wa nyundo unatafuta pa kwenda. Juu ukutani utaumiza ubao tu, utaachia alama kama ya kwato. Lakini chini, vidole viwili kutoka sakafuni, mpini unataka kulala na sakafu imelala hapo tayari. Huwezi kuipeleka nyundo sawasawa. Unaipeleka upande, na vifundo vya vidole vinasugua taili, na unajiambia pigo hili litakuwa dogo, na hakuna binadamu aliyewahi kupiga pigo dogo akiwa amekasirika.

Msumari wa simenti nao si msumari wa kawaida. Umeokwa ukawa mgumu, haupindi. Ukiupiga vibaya unaruka au unavunjika. Wangu uliruka ukaenda chini ya kabati, na nyundo, ambayo tayari ilikuwa safarini, ikaendelea na safari yake hadi kwenye taili.

Mlio wake sikuutarajia. Nilitarajia "kwa!" Nilisikia "puu", kama mtu aliyegonga mtungi mtupu. Ufa ulianzia kona, ukafikiri kidogo, kisha ukaenda hadi upande wa pili.

Ijumaa nilivuka feri kwenda kisiwani Mombasa kutafuta taili ya kufanana nayo. Haiuzwi moja, inauzwa katoni, na kila katoni imeandikwa toni yake, kwa maana taili za jina moja zilizochomwa siku mbili tofauti si za rangi moja. Katoni ilikuwa na taili 10 nilipoingia feri na 7 nilipotoka. Zile 7 si za malai, ni za maziwa lala. Jumamosi nilitandika mkeka.

Nirudi kwa mavyaa. Alikula mahamri na mbaazi, akasifu, akauliza habari za watoto kana kwamba hawakuwa wamemkalia mapajani. Halafu alasiri ikaingia, akatafuta pa kuswalia, akauvuta ule mkeka ili auelekeze kibla.

"Na hii?"

Nikaeleza. Nilieleza kwa kirefu, nikaitia chumvi ya ukutani, nikatia na ubora wa misumari ya siku hizi. Alinisikiliza hadi mwisho kama anavyosikilizwa mgonjwa. Akaswali. Akamaliza, akakunja mkeka, akauangalia ubao wangu uliokuwa umeshikwa na misumari miwili na nia njema, akasema, "Mwanangu, kwani huna panchi?"

Akafungua mkoba. Katika leso ya mkononi, katikati ya sarafu na mswaki wa mti, akatoa kidole cha chuma.

Panchi ni kitu kidogo hata ni haya kukieleza. Ni chuma cha urefu wa kidole cha kati au zaidi kidogo, kinene huku, chembamba kule. Kwanza unaupiga msumari kwa nyundo mpaka kichwa kibakie juu ya ubao kiasi cha kupitisha ukucha. Hapo unaiacha nyundo isikaribie tena. Unaweka ncha ya panchi juu ya kichwa cha msumari, unaipiga panchi, na panchi ndiyo inayoupiga msumari. Ubao hauguswi, sakafu haiguswi, vidole viko mbali. Na ile ncha, ukiitazama kwa makini (nimeitazama kwa makini, nilipewa niitazame kama mtoto anavyopewa saa ya babu), haiko bapa wala haijachongoka. Imechimbwa kishimo katikati, kama kitovu, ili ikikaa juu ya msumari isiteleze. Kile kishimo ndicho chombo chenyewe. Chuma kilichobaki ni mpini tu.

Kuna na jingine. Ncha inafanywa ngumu sana, lakini kichwa chake, pale panapopigwa, kinaachwa laini zaidi. Kingekuwa kigumu sawa na nyundo, viwili hivyo vingegongana na kimoja kingemeguka kipande kikaruka machoni. Kwa hivyo panchi inakubali kuumia. Miaka inavyopita kichwa chake kinatanuka na kupinda pembeni kama uyoga, na fundi mwenye akili huzinoa zile kingo kwa tupa kabla hazijakatika. Ya mavyaa ilikuwa na alama za tupa pande zote. Marehemu baba mkwe wangu alikuwa fundi wa vitanda.

"Sasa mimi huitobolea jicho la nazi," akasema. "Nimekuja nayo kwa sababu nimewaletea nazi."

Akajifunga kibwebwe. Mengine nimekwisha kuyasimulia.

Huku akipiga, alihadithia, na misumari ilikuwa nukta zake. Kwamba fundi wa jahazi hapigilii msumari kabla ya kutoboa tundu kwa keke, ile inayozungushwa kwa upote wa upinde; kwamba msumari wa chombo huviringishiwa pamba yenye mafuta ili maji yasipite, na kichwa chake huzamishwa ndani ya ubao. Kwamba wazee wa kabla ya hapo hawakuhitaji hata hayo: mtepe ulishonwa kwa kamba za makumbi, ubao kwa ubao, bila msumari. Hilo la mtepe ni kweli, mfano wake umo katika makumbusho ya Fort Jesus, nimeuona. Watu walivuka bahari kwa kushona. Mimi ubao wa mita 3 umenishinda kwenye nchi kavu.

Baadaye usiku, nikitafuta faraja vitabuni, nikamkumbuka Ibn Battuta. Alipita Mombasa mwaka 1331, akaeleza misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ustadi, na jinsi mtu alivyoosha miguu kabla ya kuingia, kisha akaifuta kwenye mkeka mnene uliowekwa mlangoni. Karibu miaka 700 iliyopita watu wa hapa walikuwa na kifaa cha kukinga sakafu. Nikalifunga kabati la vitabu.

Lakini ule mlio, "puu", haukuniacha. Jumapili hiyo hiyo, wote wamelala, nilichukua kijiko nikazunguka nyumba nikigonga taili moja moja. Taili iliyolazwa vizuri hulia "ti", kavu, kama jiwe. Iliyo tupu chini hulia kama ngoma. Anayelaza kwa haraka hupiga matonge matano ya simenti, manne pembeni na moja katikati, akaibandika taili juu. Katikati ya matonge kunabaki hewa, na juu ya hewa hiyo ndipo utakapoangusha mwiko, au chupa, au nyundo. Sebule yangu ina taili 96. Zilizo tupu ni 31. Ile ya kona ya mlango ilikuwa na utupu wa ukubwa wa sahani.

Nikamwandikia ajenti. Nilikuwa mpole. Nilisema nimevunja taili, nakiri, nina 7 za kubadilishia ingawa rangi zimepishana kidogo, na pia kuna 31 zinazongoja zamu yao, si kwa kosa langu. Nikaongeza habari ya chumvi.

Jibu lilikuja Jumatatu saa mbili na dakika tano asubuhi. Kwa chumvi hakuna jibu. Kwa zile 31 hakuna jibu. Taili moja, shilingi 3,500, itakatwa kwenye dipoziti. Ukuta wangu umekuwa ukimwagika sakafuni kwa miaka miwili, nauzoa kila asubuhi kwa kijiko cha taka, na katika miaka hiyo miwili hajapata kuja mtu kuutazama hata kwa udadisi. Sakafu imepata ufa mmoja, bei yake imejulikana kabla watu hawajanywa chai. Ikiwa chumvi ni Pwani, na hewa iliyo chini ya taili nayo ni ya nani? Niliuandika ujumbe huo. Niliufuta. Dipoziti iko kwao.

Jumapili jioni, kabla ya kumsindikiza kwenye feri, mavyaa aliishika panchi kiganjani akaipima uzito, akanitazama. Nilidhani ananipa. Nilikwisha nyoosha mkono.

"La," akasema, akaifunga tena pamoja na sarafu zake. "Wewe nimekuachia nazi."

Ziko 3, chini ya meza ya jikoni. Bado nzima.