Shule ni Yetu Sote, Mpaka Kioo Kivunjike

Naishi jirani na sekondari ya kata yetu. Ningesema tumepakana ukuta, ila shule haina ukuta. Ina uzio wa michongoma, na huo tumeutoboa kila upande ili tusipate taabu ya kuzunguka. Basi asubuhi, wanafunzi wakiwa mstarini wanaimba wimbo wa taifa, utamwona muuza maziwa anakatiza, mbuzi wa balozi wanamfuata, na nyuma yao bodaboda kapakia mshikaki. Bodaboda ana adabu zake: wimbo ukiendelea anapunguza mwendo. Ukiisha anapiga honi watoto wampishe. Ukimkemea anakuuliza, "Kwani shule si yetu sote?"

Ni yetu, sikatai. Shule hizi zilipomiminika nchini, baada ya mpango wa maendeleo ya sekondari kuanza mwaka 2004, amri ilikuwa wananchi wanyanyue boma, serikali ije kupaua. Tulibeba mawe, tukachota mchanga. Wenye maneno yao mjini wakazibatiza yeboyebo, sisi tukaendelea kuchanga. Mwaka 2014 ikaja zamu ya maabara: fizikia, kemia na baiolojia, kila shule. Mtendaji akapita nyumba kwa nyumba na mgambo, na asiye na fedha akatoa alichonacho. Jogoo wa jirani yangu yumo ndani ya ukuta wa maabara ya kemia, kwa sura ya saruji.

Kisha ikaingia 2016, elimu bila malipo hadi kidato cha nne. Ada ya kutwa, iliyokuwa shilingi 20,000 kwa mwaka, ikafutwa. Jambo jema kabisa, ila kata yetu ilisikia "bila malipo" ikaelewa "bila mzazi". Mkuu wa shule akiita kikao kuzungumzia makande ya mchana, wazee wanamtolea macho: serikali si ilisema bure? Wiki hiyohiyo wazee haohao wanapokea kadi ya harusi ya mtoto wa shangazi ya rafiki yao, nao wanaahidi 50,000 mbele za watu bila kuuliza waraka wa serikali unasemaje.

Na harusi yenyewe itafanyikia wapi? Shuleni! Viti vya darasani vinatoka asubuhi kwenye mkokoteni, na kurudi kwake ni hadithi nyingine. Uchaguzi ukifika, kituo cha kura ni shule. Mvua ikizoa nyumba za bondeni, tunakimbilia shuleni, na hapo sina neno, maana ndiyo jengo pekee la kueleweka. Lakini mkutano wa hadhara wenye spika mbili kubwa, wakati kidato cha nne wako kwenye mtihani wa moko? Mtahiniwa anakokotoa mlinganyo huku anaahidiwa barabara ya lami.

Jioni ni ndondo. Uwanja ni wa shule, magoli ni ya shule, na mpira hata usipokuwa wa shule, kioo utakachovunja ni cha shule. Mpira ukiingia darasani kupitia dirishani, timu zote mbili hazijulikani zimetoka wapi. Mpaka leo pale dirishani pamezibwa kwa boksi la biskuti.

Matokeo yakitoka ndipo kata nzima inapogeuka kamati ya elimu. Mtu hana mtoto pale, hajui hata mlango wa ofisi ya walimu uko upande gani, lakini kwenye kijiwe cha kahawa anachambua: "Walimu wa siku hizi bure kabisa!" Huyo mwalimu wa hesabu yuko peke yake kwa shule nzima, na chumba alichopanga kinavuja. Mwenye nyumba ni mchambuzi wetu. Kweli, matokeo ya 2012 yalitisha, zaidi ya nusu ya watahiniwa wa shule walipata sifuri hadi Waziri Mkuu akaunda tume. Sifuri hizo hadi leo tunawatupia walimu. Kwenye divisheni wani, tunasema mtoto ana akili za kwao.

Nesi anayekuchoma sindano zahanati kasoma hapo kwenye boksi la biskuti. Binti wa duka la dawa, hapo. Fundi aliyekuwekea umeme bila kuunguza nyumba, hapohapo. Wanaume wawili niwajuao walioidharau sana shule hii wanaandikiwa barua zao za mkopo na vijana wake, tena bure.

Sasa tangazo, kwa kuwa mkuu wa shule kanikuta barazani akaniomba nilifikishe. Kikao cha wazazi ni Jumamosi, saa tatu asubuhi. Ajenda ni makande, uzio na vioo. Viti havipo, viko majumbani kwenu tangu harusi ile. Kila mmoja aje na alichochukua, na akiondoka akiache.